Damu Iliyokaa Baridini

Mjini Tabora, ukimuulizia mwalimu wa damu hukosi mtu wa kukuelekeza. Jina lake ni Apolinaria, mwalimu wa baiolojia, mzaliwa wa Usoke, mke wa Nestory wa reli. Hilo la damu alibandikwa na wanafunzi. Kila mwaka gari la kuchangia damu lilipofika shuleni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa blauzi, huku akiwatangazia kwa sauti ya kufika hadi jikoni kwamba damu yake ni kundi O hasi, kwamba watu wa aina yake ni wa kutafuta kwa tochi, na kwamba mtu aliyepewa kitu adimu hana ruhusa ya kukikalia. Wanafunzi walicheka, kisha wakapanga mstari.

Hospitalini nako walimjua. Akihitajika alipigiwa simu, naye alikwenda. Hakuwahi kuuliza damu yake imekwenda kwa nani. Alirudi nyumbani akanywa soda, akajilaza, na usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu kuliko wa siku nyingine zote.

Kwa hiyo simu ilipoita mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, naye akaona ni Deus, mkuu wa maabara, hakushtuka. Alitoka darasani na chaki yake, akasimama barazani.

"Deus, za kazi? Leo nina vipindi mpaka mchana. Nije saa ngapi?"

Deus alikuwa mtu wa utani. Siku hiyo hakutania.

"Mwalimu, hatuhitaji damu. Tunakuhitaji wewe. Njoo mapema uwezavyo."

"Kuna nini?"

"Si la kwenye simu. Ukifika, pita moja kwa moja ofisini kwangu."

Mtu aliyetoa damu ukimwambia maneno hayo, umemmaliza. Apolinaria alirudi mbele ya kidato cha sita, akaandika neno moja ubaoni, akasahau la pili. Alichokuwa nacho kichwani kilikuwa kitu kimoja tu, na hakuthubutu kukitaja hata moyoni. Alimwaza Nestory na safari zake za reli, leo Kigoma, kesho Mpanda, keshokutwa Mwanza. Aliona aibu kumwazia hivyo mume aliyeishi naye miaka yote hiyo, na bado aliendelea kumwazia, kwenye bodaboda, njia nzima, mvua ikimpiga usoni.

Deus alifunga mlango, akamvutia kiti.

"Kwanza kabisa, mwalimu, sio hicho unachofikiria."

"Unajua ninachofikiria?"

"Kila ninayemwita hivi anafikiria hicho hicho. Vipimo vyako vyote vya siku ile viko safi."

Apolinaria alishusha pumzi. Alikuwa hajamaliza kuishusha Deus alipoendelea.

Kulikuwa na mama mmoja, akasema. Alijifungua, akatokwa na damu nyingi, akaletwa akiwa hoi. Kundi lake O hasi. Kwenye jokofu kulikuwa na mfuko mmoja tu wa kundi hilo, ule alioutoa Apolinaria mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa. Walimtundikia. Haikupita hata robo saa, mama akaanza kutetemeka kitanda kizima. Homa ikapanda, presha ikaporomoka. Nesi aliyekuwa naye hakungoja kuambiwa, alifunga dripu palepale.

"Kilichobaki mfukoni tukakiotesha," Deus alisema. "Wameota."

"Wameota nani?"

"Bakteria. Yersinia."

Apolinaria alilijua jina hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Akatafuta pa kukimbilia. "Labda ni mfuko. Labda ni sindano. Labda ngozi yangu haikusafishwa vizuri."

"Tumeangalia yote hayo. Mifuko mingine ya siku ile haina kitu. Na hawa mara nyingi huingia kwa chakula. Wanapita tumboni, halafu kwa muda mfupi wanaweza kuwamo kwenye damu ya mtu anayetembea, anayecheka, asiye na homa. Wachache tu, hawaonekani. Hebu kumbuka, kabla ya kuja kutoa, tumbo lilikusumbua?"

Lilimsumbua. Krismasi walikuwa Usoke kwa kaka yake, Wenceslaus, ambaye alichinja nguruwe. Apolinaria ndiye aliyeosha utumbo, amejifunga kanga kisimani, mikono mpaka kwenye viwiko, akipiga soga na mawifi. Waliporudi mjini tumbo lilimkata siku mbili tatu. Alichemsha tangawizi, likaacha. Siku ya kutoa damu alipoulizwa anajisikiaje, alijibu kwa majivuno yake ya kila siku: mzima kama chuma.

"Lilisumbua kidogo," akasema. "Lakini hakuna aliyeniuliza habari za tumbo."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikijitetea.

"Hakuna anayekulaumu, mwalimu."

"Huyo mama yuko hai?"

"Yuko hai. Figo zinasuasua. Tunampa dawa, tunamwangalia."

"Anaitwa nani?"

Deus alitikisa kichwa. Hilo hakuruhusiwa kulisema. Alimtoa damu ya kupima, akampa na kikopo cha choo, akamwambia kwamba mpaka majibu yatoke, na muda upite, asitoe damu popote. Apolinaria alipofika mlangoni aligeuka.

"Deus, ile damu ilikuwa kwenye jokofu, nyuzi joto nne. Wadudu wachache hivyo wamewezaje kuzaana?"

"Ndiyo tabu yao," Deus alisema. "Jokofu kwao ni nyumbani."

Jioni Nestory alimkuta jikoni, mlango wa friji wazi, sakafuni kumejaa mabakuli. Mboga ya jana, nyama ya kuchemsha, maziwa, hata pilipili ya chupa, vyote alikuwa anavimwaga kwenye ndoo.

"Mama Julieth, umeme umekatika?"

Akamweleza, bila kumtazama. Nestory alikaa kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulikwenda kusaidia," akasema. "Hukwenda kumtilia mtu sumu."

"Usinifariji, Baba Julieth."

"Sikufariji. Nasema kilichotokea."

"Kilichotokea ni kwamba kuna mama anakufa kwa kitu kilichotoka kwenye mkono huu."

Nestory akaona maneno hayasaidii. Aliinuka, akaibeba ile ndoo nje, wala hakuuliza watakula nini.

Kilichomkosesha Apolinaria raha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, miaka yote ya ualimu, alikuwa amewaambia watoto wa watu kwamba baridi huwalaza bakteria. Aliandika hivyo ubaoni, akasahihisha hivyo kwenye mitihani. Alijaribu kusoma kwenye simu, akakuta maneno mengi yaliyompita. Jumamosi mchana, Nestory akiwa kazini, akampigia Najiat.

Najiat alikuwa mwanafunzi wake zamani, binti wa Kiarabu wa pale mjini, mwenye maswali yasiyoisha. Sasa alikuwa chuo kikuu huko Morogoro, mtafiti.

"Shikamoo mwalimu wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali, na usiniulize kwanza kwa nini nauliza. Bakteria anaishije kwenye friji?"

Najiat alicheka kwa furaha. "Mwalimu, hiyo ndiyo kazi ninayoamkia kila siku! Unakumbuka ile redio ya kaseti uliyokuwa unatuletea darasani? Mkanda ukichomoka ndani, unafanyaje?"

"Unajisokota."

"Unajisokota, unajinasa wenyewe kwa wenyewe, redio haiwezi tena kuusoma. Sasa DNA ni nyuzi mbili zilizosukwa pamoja. Ili isomwe lazima zifunguliwe, kila uzi ukae peke yake, wazi. Kwenye joto ule uzi unachezacheza, haunati. Kwenye baridi, popote unapojigusa unajishika. Unapiga mafundo. Na zile nakala zake za RNA, ambazo ni uzi mmoja tangu mwanzo, ndiyo balaa kabisa. Mashine za kusoma zinakwama."

"Ndivyo ninavyofundisha. Wanalala."

"Wengi wanazubaa, mwalimu. Lakini sikiliza. Baridi ikimwingia ghafla, bakteria anaacha karibu kazi zake zote, anaanza kutengeneza protini moja ndogo, kwa wingi. Ndogo hasa, ukiiweka karibu na protini nyingine ni kifaranga mbele ya mbuni. Ina umbo la kapipa. Ubavuni mwake kuna pete bapa, na herufi za uzi wa DNA nazo ni bapa. Basi zinalaliana, bapa juu ya bapa, kama chapati kwenye sahani. Uzi ukishalazwa hivyo, pale mahali hauwezi kujikunja."

"Na kama nyuzi bado ziko mbili pamoja?"

"Hapo haipati pa kushika. Herufi zimegeukiana kwa ndani, zimeshikana zenyewe. Protini hii inataka uzi ulio peke yake."

"Inaukata?"

"Haikati kitu, wala haitumii nishati. Inashika, inaachia, inashika mbele kidogo. Mashine ya kusoma ikija, yenyewe inapisha. Mimi naipima kwa mwanga. Ukiimulika ikiwa peke yake, inang'aa kidogo. Ukidondoshea kipande cha uzi mmoja, ule mng'ao unafifia, kwa sababu zile pete zimeshafunikwa na herufi. Siku ya kwanza kuuona unafifia nililia, mwalimu, peke yangu mle maabara."

Apolinaria alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. "Na Yersinia?"

Najiat alijibu taratibu zaidi.

"Hao wana jeni za protini hizo zaidi ya moja. Ukiwaingiza kwenye friji wanasimama muda mfupi tu, wanajipanga, halafu wanaendelea kuzaana. Mwalimu, kwa nini Yersinia?"

Akamwambia. Najiat alisema pole, akalirudia neno hilo mara nyingi, na sauti yake ya furaha ilikuwa imekwisha.

Apolinaria alikuwa ametafuta kuelewa akidhani kuelewa kutampunguzia mzigo. Kulimwongezea. Sasa aliweza kuiona. Wiki zile zote alizokuwa akifundisha, akicheka ofisini na walimu wenzake, mfuko wake ulikuwa umekaa kwenye giza na baridi, na ndani yake vile vipipa vidogo vilikuwa vinalaza nyuzi, vinaachia, vinalaza tena, na kila uzi uliosomeka ulizaa wengine. Mfuko wenyewe ulikuwa na jina zuri la kundi adimu. Watu walikuwa wameutunza kwa ajili ya mtu mwenye shida kubwa.

Akawa hapati usingizi. Asubuhi alipita kwa njia ya hospitali ingawa ilikuwa ndefu, akichungulia uani kama kuna kilio. Akimpigia Deus, Deus alisema bado. Bado nini? Bado yuko vilevile. Wanafunzi waligundua kwamba mwalimu anauliza swali, halafu hasikilizi jibu.

Siku moja wakati wa mapumziko, mlinzi alimwambia kuna mgeni wake getini. Akamkuta mwanamume mrefu, ana mabuti ya mvua na koti lililochanika begani, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. "Jamani, baba, shikamoo wewe."

"Marahaba. Lakini leo mwenye shida ni mimi, niache nikuamkie." Alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Naitwa Lugembe, natoka Bukene. Mke wangu, Siwema, yuko hapo hospitali."

Apolinaria alijua kabla hajaambiwa zaidi. Alimwacha aseme kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumkatiza. Lugembe alieleza kwamba mkewe alijifungua, akatokwa damu, wakamleta Tabora. Wakamwekea damu, ikamkataa, nusura afe mikononi mwao. Sasa homa imeshuka, ila damu bado ndogo mno, moyo unahangaika, na daktari anataka aongezewe. Damu nyingine yoyote haiwezekani. Zile mimba za nyuma zimeufundisha mwili wake kupigana na damu isiyokuwa hasi. Benki ya damu wameulizwa, kwa sasa hawana, wanatafuta kanda nyingine.

"Wodini kuna mama ana binti hapa shuleni kwenu. Akaniambia, unahangaika nini na mwalimu wa damu yupo?" Alikunja ile kofia. "Nimekuja kukuomba. Chupa moja tu, mwalimu."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nina malaria, nimeanza dozi jana. Nani angebisha? Mzee angeondoka, mwalimu angebaki na heshima yake, na mzee asingejua kamwe. Apolinaria alimtazama jinsi alivyoshika kofia, akaona kwamba akimwambia hivyo, itambidi aendelee kumwambia hivyo maisha yake yote.

"Njoo tukae, baba."

Walikaa kwenye benchi la barazani, maji ya paa yakidondoka mbele yao.

"Siwezi kutoa," akasema. "Wamenizuia. Ile damu ya kwanza, iliyomtetemesha mama, ilikuwa yangu."

Lugembe aliitazama mikono ya mwalimu, mmoja, halafu wa pili, kama anayetafuta pale ilipotokea.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Tumbo lilinisumbua sikukuu, likaacha. Niliona ni kitu kidogo."

"Kitu kidogo," Lugembe alirudia. Akatamka neno la Kinyamwezi, chinichini, bila kufikiri kwamba aliyekaa naye ni Mnyamwezi wa Usoke na amelisikia vizuri. Halikuwa neno la kumwambia mwalimu. Apolinaria alilipokea.

Kisha yule mzee akageuza uso kando. "Sasa mimi niende wapi? Nilitajiwa mtu mmoja tu."

Hayo ndiyo yaliyomwinua Apolinaria. Tangu siku ile ofisini kwa Deus alikuwa akizunguka na hatia yake kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, akiogopa kuitikisa. Sasa palikuwa na kazi.

"Nisubiri hapahapa," akasema.

Kwanza alimpigia kaka yake. Wenceslaus naye alikuwa O hasi, walizaliwa hivyo. Aliposikia tu, akasema anatafuta usafiri sasa hivi.

"Kaka, ngoja. Krismasi, baada ya yule nguruwe, tumbo lako lilikuwaje?"

"Tumbo?" Wenceslaus alifikiri. "Mbona lilituharibika nyumba nzima."

"Basi usije. Nenda kapimwe hukohuko."

Alikata simu, akasimama kwenye chumba cha maabara ya shule, ameshika kichwa. Ilikuwa ndani ya chumba kile, miaka ya nyuma, alipowafundisha wanafunzi kupima makundi ya damu. Akajaribu kuwakumbuka, sura baada ya sura. Wengi walikuwa chanya. Binti mmoja alikuwa hasi, alihamia nje ya nchi. Halafu akamkumbuka Gerson wa Ulyankulu, mjukuu wa watu waliokimbia Burundi, kijana mkimya, aliyenuna siku ile kwa kudhani kuwa hasi ni ugonjwa. Apolinaria alimwonyesha tone la damu yake mwenyewe, O hasi sawasawa na la kijana huyo, na Gerson akacheka.

Namba hakuwa nayo. Alimpigia mtu aliyesoma na Gerson, huyo akampa namba ya mwenye duka wa Ulyankulu, mwenye duka akatuma mtu kwenye mashamba. Mawasiliano yalikatika, yakarudi. Lugembe alikuwa bado amekaa kwenye benchi Gerson alipopiga.

"Mwalimu! Niko kwenye bani, nakausha tumbaku. Kuna nini?"

Akamweleza kwa haraka, kisha akaanza maswali ambayo hakuna aliyemuuliza yeye. "Gerson, tumbo lako likoje? Umeharisha wiki hizi? Umekula nguruwe?"

"Nguruwe?" Gerson akacheka. "Mwalimu, mimi ni Msabato."

"Asante Mungu. Na bani?"

"Moto nitamwachia mke wangu. Mbona unaniomba kama mgeni?"

Barabara ya Ulyankulu ilikuwa imeliwa na mvua. Gari alilopanda Gerson lilizama kwenye matope kabla ya nusu ya njia, akalala kijijini kwa watu. Asubuhi Apolinaria aliomba ruhusa shuleni, akaenda kukaa hospitali kwenye benchi nje ya maabara. Lugembe alikuwa ameketi ncha ya pili. Kila bodaboda iliyoingia getini wote wawili waliinua shingo, kisha wakaziinamisha. Nesi mmoja, Asmahani, alitoka wodini akamwambia Lugembe kwamba mama anapumua kwa shida, kisha akarudi ndani akitembea haraka. Lugembe alisimama, akakaa, akasimama tena.

Gerson alifika akiwa na matope mpaka magotini, viatu amevishika mkononi.

Deus hakupoteza muda. Alimpima kundi, akapima na magonjwa yote ya kupima, akalinganisha damu yake na ya Siwema, naye aliuliza habari za tumbo mara mbili. Mchana damu ikatolewa, na haikuingia kwenye jokofu lolote. Ilibebwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine ikiwa bado ina joto la mwenyewe.

Apolinaria hakuruhusiwa kuingia. Pale alipokuwa kwenye korido aliona pazia, na juu yake chuma cha kutundikia, na mfuko mwekundu. Asmahani alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mgonjwa. Tone likadondoka. Jingine. Apolinaria aligundua kwamba anayetetemeka ni yeye. Kila pazia lilipotikiswa na upepo aliona kitanda kikitikisika. Alijua Gerson ni mzima, alijua damu ni mbichi, hakuna mdudu aliyepata muda wa kuzaana humo, yote hayo aliyajua, na hayakumsaidia hata kidogo. Alisema Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya, akapotea tena.

Lugembe alitoka mlangoni.

"Ametulia," Lugembe alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Ameomba uji."

Apolinaria alikaa chini sakafuni, kwenye korido ya watu, na nguo zake za kazini.

Figo za Siwema zilichelewa kurudi, na zilimweka hospitali mpaka mwezi wa tatu ukaingia. Majibu ya Apolinaria yalikuja safi. Deus alimwambia kwamba baada ya miezi kadhaa anaweza kurudi kutoa akipenda, naye akasema ataona. Wenceslaus pia alikutwa hana kitu. Nani alijua kama kweli ni yule nguruwe? Deus alisema inaelekea, akakataa kusema zaidi ya hapo.

Kabla ya kuruhusiwa, Siwema aliagiza aitiwe mwalimu.

Apolinaria alimkuta ameketi kitandani, amekonda, kitoto kinanyonya. Wakatazamana.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mtu mnene," Siwema alisema, na ikawa ndiyo mara ya kwanza Apolinaria kucheka tangu Deus ampigie. "Kaa. Mume wangu amenieleza, lakini ameeleza vibaya. Nataka kujua kilichoniingia."

Akamweleza polepole, bila kujipunguzia. Akamwambia jinsi baridi inavyofunga mafundo kwenye zile nyuzi, na jinsi wadudu wale wanavyotengeneza vitu vidogo vya kuzinyoosha, moja moja, ili waendelee kuishi pale wengine wanaposhindwa. Siwema alisikiliza huku akimfuta mtoto shavu.

"Kwa hiyo na wao walikuwa wanahangaika wasife."

"Ndiyo."

"Siwahurumii."

"Hata mimi."

"Na wewe, usingizi unapata?"

Apolinaria alitaka kusema ndiyo. "Sipati, mama."

"Mimi napata," Siwema alisema. "Nikijaribu kukaa macho kwa hasira, nasinzia." Akamhamisha mtoto ziwa la pili, wakabaki wamekaa hivyo mpaka Asmahani alipokuja kupima presha.

Lugembe ndiye aliyemsindikiza mpaka nje ya wodi. Alimpa mkono, mkono mkavu wa jembe.

"Sijamaliza kukasirika, mwalimu. Nakwambia ukweli."

"Nashukuru kwa kuniambia."

Walirudi Bukene. Gari la damu lilipokuja shuleni mwaka huo, Apolinaria hakukunja mkono wa blauzi. Aliomba kiti, akakaa pale mwanzo wa mstari, na kila kijana aliyefika alimuuliza taratibu, bila kelele, tumbo lake lilikuwaje mwezi uliopita. Wengine waliona haya. Aliuliza tena. Alichelewesha watu mpaka dereva wa gari akanung'unika, naye hakusogea.

Msimu wa karanga, akiwa anasahihisha madaftari, simu ikaita. Sauti ya Lugembe, na nyuma yake kuku na watu.

"Mwalimu, za huko? Mke wangu leo ameshika jembe. Amechimba karanga mstari mmoja, akachoka, akakaa."

"Hajavimba miguu? Hapumui kwa shida?"

"Hapana. Amechoka tu kama watu."

"Na mtoto?"

"Analia, anakula."

Apolinaria alisikia mwanamke akiongea Kinyamwezi kwa mbali, akimhimiza mtu alete ungo.

"Basi ni hayo," Lugembe alisema, akakata.

Apolinaria aliiweka simu mezani. Nestory akauliza ni nani. Akamwambia ni watu wa Bukene, kwamba yule mama ameanza kwenda shamba, kisha akavuta daftari lililofuata, akalifungua, na akakaa nalo hivyo bila kusoma kitu.